Kabla ya Kura Kuna Fomu

Fomu yenyewe haina mbwembwe. Ni kurasa chache, nembo ya chama cha wafanyakazi juu, nafasi ya jina la mgombea, kisha maswali. Ukichaguliwa, utakubali kazi za watumishi wa jiji zipewe kampuni binafsi? Utalinda haki ya kugoma? Ikiletwa hoja ya kupunguza pensheni, utasimama upande gani? Pembeni ya swali kuna kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana, chini yake mistari miwili mitatu ya maelezo, na mwisho kabisa mahali pa saini.

Anayegombea udiwani au umeya katika mji wa Marekani hujaza fomu nyingi za namna hii katika msimu mmoja: ya walimu, ya zimamoto, ya polisi, ya madereva wa mabasi, ya wazoa taka, ya makarani wa halmashauri. Akisharudisha fomu huitwa kuhojiwa. Upande mmoja wa meza wamekaa wanakamati, watu waliotoka kazini jioni hiyohiyo, mwingine bado ana sare mwilini. Upande wa pili yuko yeye na maji yake ya chupa. Anapewa dakika zake, anajieleza, anabanwa, anashukuru, anatoka. Kamati inatoa pendekezo, wajumbe wanapiga kura. Katika mabaraza mengi yanayounganisha vyama vya mji mzima, asipofikisha theluthi mbili ya kura za wajumbe anarudi nyumbani mikono mitupu.

Akizipata, mambo yanabadilika usiku mmoja. Jina lake linaingia kwenye vipeperushi vya chama. Wanachama wanashika simu na kuwapigia wenzao. Jumamosi wanapita nyumba kwa nyumba, na mfuko wa siasa wa chama unafunguliwa. Kule wanasema tu kwamba mgombea "ameungwa mkono". Kwa macho yangu huo ni mkataba unaoandikwa kabla ya mkataba, kwa sababu aliyetia saini fomu hiyo akishinda, kesho yake ndiye mwajiri, na wale waliomhoji ndio atakaokaa nao tena mezani kujadili mishahara, saa za kazi na mafao, safari hii kwa fedha za walipakodi.

Hakuna jiji linaloonyesha jambo hili waziwazi kama Chicago.

Tarehe 28 Februari 2023 wakazi wa Chicago walipiga kura ya umeya. Wagombea walikuwa 9. Meya aliyekuwa madarakani, Lori Lightfoot, aliangukia duru ya kwanza akiwa na asilimia 17 hivi. Waliovuka walikuwa wawili. Paul Vallas, aliyepata asilimia 33, aliwahi kuziongoza shule za umma za jiji hilo kuanzia 1995 hadi 2001, na nyuma yake kilikuwepo chama cha polisi, Fraternal Order of Police, tawi namba 7, ambacho aliwahi kukishauri bila malipo katika majadiliano ya mkataba wao. Brandon Johnson, aliyepata karibu asilimia 22, alikuwa mwalimu aliyeacha chaki mwaka 2011 na kuajiriwa na Chama cha Walimu wa Chicago kama mratibu wa wanachama, kisha mwaka 2018 akachaguliwa kuwa kamishna wa kaunti ya Cook. Walimu walimpa baraka zao mapema, Septemba 2022, wakati watu wengi wa jiji hawajalisikia hata jina lake.

Kwa hiyo duru ya pili wapigakura waliletewa wagombea wawili, mmoja kaletwa na walimu, mwingine na polisi. Tarehe 4 Aprili Johnson alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Tofauti ilikuwa kura 26,000 na ushee. Chama cha walimu kina wanachama zaidi ya 25,000.

Namba hizo mbili zinavyokaribiana, mtu anashawishika kusema walimu walimpigia kura mtu wao, hesabu ikafungwa. Haiendi hivyo. Walimu nao wana mawazo yao, na wapo waliompigia Vallas. Kura ya mwanachama ni moja tu kama ya mtu mwingine yeyote. Kinachotafutwa na mgombea ni miguu yake. Mwalimu anayebisha hodi kwenye milango arobaini Jumamosi moja, kwenye mtaa aliofundisha watoto miaka kumi na mitano, hafungui mazungumzo kwa sera. Anaulizwa kwanza habari za shule. Mama wa mlango wa tatu anamkumbuka alivyomshughulikia kijana wake. Ndipo anatoa kipeperushi mfukoni. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kununua dakika hizo mbili pale kizingitini, na watia nia wote wanalijua hilo. Ndiyo maana wanapigana vikumbo kwenye milango ya ofisi za vyama mwaka mzima kabla ya kampeni.

Thamani ya miguu hiyo inatokana na uvivu wa miguu mingine. Februari 2023 waliojitokeza walikuwa theluthi moja na kidogo ya waliojiandikisha, na hata duru ya pili, pamoja na joto lake lote, haikufika asilimia 40. Sehemu nyingi za Marekani chaguzi za mitaa hufanyika siku yake peke yake, mbali na uchaguzi wa rais, siku ambayo mtu asiye na jambo lake mahususi hana sababu ya kukumbuka. Mtafiti Sarah Anzia ameandika kitabu kizima kuhusu kalenda hiyo, na hoja yake ni kwamba uchaguzi ukitengwa, makundi yaliyojipanga, walimu wakiwemo, hupata uzito ambao wasingeupata foleni zikiwa ndefu. Mwenzake Terry Moe alipekua daftari za wapigakura wa bodi za shule huko California. Aliona kwamba walimu wanaoishi ndani ya eneo wanakofundisha hujitokeza kwa kiwango kinachowaacha mbali wakazi wa kawaida, na mbali pia na walimu wenzao wanaofundisha hapohapo lakini wanalala eneo lingine. Mwalimu ni yuleyule, elimu ni ileile. Kinachotofautiana ni kwamba mmoja anamchagua mwajiri wake na mwingine hapana.

Chicago jambo hilo limewekwa kisheria, pengine bila kukusudia. Watumishi wa jiji, polisi na zimamoto wakiwemo, wanatakiwa waishi ndani ya mipaka ya jiji, na walimu wamewekewa sharti kama hilo tangu miaka ya tisini. Askari wengi wameweka makazi pembezoni kabisa, ambako ukivuka barabara moja unaingia mji mwingine: Edison Park na Norwood Park upande wa kaskazini-magharibi, Mount Greenwood upande wa kusini-magharibi. Kwenye mitaa hiyo nyumba ya polisi inapakana na ya zimamoto, na ya zimamoto inapakana na ya fundi wa idara ya maji. Kata ya 41 na kata ya 19, zenye mitaa hiyo, zilimwagia Vallas kura.

Lipo pia jambo la zamani zaidi. Chini ya meya Richard J. Daley, aliyekalia kiti kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976, kazi ya kubisha hodi ilifanywa na watu waliopewa ajira za jiji na chama cha siasa. Ukitaka kuendelea kufagia barabara ya jiji, hakikisha mtaa wako umepiga kura vizuri. Mwanasheria Michael Shakman alifungua kesi mwaka 1969, na maagizo ya mahakama ya mwaka 1972 na 1983 yakapiga marufuku kumfukuza au kumwajiri mtumishi wa kawaida kwa sababu za kisiasa. Ile mashine ya kisiasa ikaanza kukosa mafuta. Milango ikabaki bila wa kuigonga, na aliyekuwa na watu waliojipanga, orodha ya majina na ukumbi wa kukutania akaijaza nafasi hiyo. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili ni kubwa, na wakosoaji wa vyama hawaitaji vya kutosha. Yule wa zamani aligonga mlango kwa hofu ya kupoteza kibarua chake. Huyu wa leo anagonga kwa uamuzi uliopigiwa kura na wajumbe wa chama chake, na mwanachama asiyetaka anabaki nyumbani na kazi yake iko palepale.

Hata hivyo, walimu wa Chicago hawakuanzia hapo. Walianza mbali zaidi, wakiwa hawana kura kabisa.

Mwaka 1897 walimu wa shule za msingi, karibu wote wanawake, walianzisha shirikisho lao. Miaka michache baadaye bodi ya elimu iliwaambia kuwa nyongeza waliyoahidiwa haipo kwa sababu hakuna fedha. Margaret Haley, mwalimu kutoka mtaa wa machinjioni, na mwenzake Catharine Goggin, hawakuridhika. Walikwenda kwenye ofisi za kodi wakafungua vitabu. Walichokiona ni kwamba kampuni za tramu, gesi, umeme na simu, zilizokuwa zinatumia barabara za umma kwa vibali vyenye thamani kubwa, hazikuwa zikitozwa kodi ya vibali hivyo. Wakafungua kesi. Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois ikaamuru kampuni zikadiriwe kodi mwaka 1901. Fedha zilipoingia, bodi ikazipeleka kwenye matumizi mengine na kuwaacha walimu vilevile. Wakarudi mahakamani, na mwaka 1904 jaji Edward Dunne akawapa haki yao.

Katikati ya vita hivyo Haley alikuwa ameona udhaifu wao. Walimu walikuwa na hoja na ushahidi, lakini kwa kuwa ni wanawake hawakuwa na kura, na mwanasiasa asiyekuogopa siku ya uchaguzi hakusikilizi siku nyingine. Wanawake wa Illinois walikuja kuruhusiwa kupiga kura za miji mwaka 1913. Haley hakusubiri. Mwaka 1902 aliwaongoza walimu kujiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Chicago, wakakaa ukumbi mmoja na mafundi na wabeba mizigo, wanaume wenye kura. Jambo hilo lilishtua watu wenye staha zao, kwamba mabinti waliosoma wakae pamoja na wachinjaji na madereva wa mikokoteni. Lakini lilifanya kazi. Mwaka 1905 jaji Dunne aligombea umeya, walimu wakiwa nyuma yake, akashinda. Akawateua kwenye bodi ya elimu watu wa mageuzi, mmoja wao akiwa Jane Addams, mwanamke aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya amani.

Naikumbusha habari hii kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba mtumishi wa umma anapojiingiza kwenye uchaguzi anachafua kitu kilichokuwa safi. Kabla ya walimu hao, waliokuwa karibu na madiwani ni wenye kampuni za tramu. Nafasi haikuwa tupu. Na historia haikumalizia kwa furaha: mwaka 1907 Dunne aliangushwa na Fred Busse, na mabadiliko mengi kwenye bodi yakafumuliwa. Meya wenu akianguka, mnaanguka naye. Hilo walimu wa Chicago walijifunza mapema kuliko wengine wote.

Kuna funzo lingine, la zimamoto, ambalo wagombea wa leo wangelisoma kabla ya kushika kalamu. Mwaka 1979 Jane Byrne aliwaahidi zimamoto kwamba akiwa meya watapata mkataba wa maandishi, kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, kwa kuwa tangu enzi za Daley mambo yao yalimalizwa kwa kushikana mikono. Alishinda. Miezi ikapita, mkataba ukawa danadana. Tarehe 14 Februari 1980, katikati ya baridi ya Chicago, zimamoto waligoma kwa siku 23, mgomo wa kwanza katika historia ya idara yao. Jiji la mamilioni lilibaki na vikosi pungufu huku watu wakiwasha majiko ya kupashia nyumba joto. Wakazi ndio waliolipia ahadi ambayo wao hawakuombwa maoni juu yake. Si lazima mtu amchukie Byrne wala zimamoto ili aone kosa lilipokuwa. Lilikuwa kwenye ahadi iliyotolewa ukumbini, kwa watu wachache, bila kuambatanishwa na hesabu ya fedha zitatoka wapi.

Baraka za chama zinaweza pia kumlemea aliyezipata. Vallas alilionja hili wiki moja tu kabla ya kura ya Februari. Chama cha polisi kilimwalika gavana wa Florida, Ron DeSantis, azungumze na askari katika mji wa Elmhurst, jirani na Chicago. Katika jiji ambalo wapigakura wake wengi ni Wademokrati, picha hiyo ilikuwa sumu, na Vallas alilazimika kujitenga na mwaliko wa chama kilekile alichokiomba kimuunge mkono. Baadaye kiongozi wa chama hicho aliliambia gazeti moja kwamba Johnson akishinda mamia ya askari wataacha kazi na damu itamwagika mitaani. Vallas akabaki na kazi ya kueleza kuwa maneno hayo si yake. Unapomwomba mtu akubebe, humchagulii njia.

Johnson naye alikuwa na mzigo wake. Fedha nyingi za kampeni yake zilitoka kwenye vyama vya walimu, na wajumbe wa chama cha Chicago waliamua dola 8 za ada ya kila mwezi ya kila mwanachama ziende kwenye kazi ya siasa. Walimu waliokuwa na mgombea mwingine, au wasiotaka siasa kabisa, walilalamika kwamba hawakuulizwa. Malalamiko yao yana uzito. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Janus, mwaka 2018, mtumishi wa umma asiye mwanachama hawezi kukatwa hata senti moja ya chama bila ridhaa yake. Lakini mwanachama akishakuwa mwanachama, njia yake ya kupinga ni kwenye mkutano wa tawi, na wengi wetu tunajua mikutano ya tawi inavyokuwa: ukumbi nusu, saa mbili usiku, wanaobaki hadi ajenda ya mwisho ni walewale.

Na baraka zenyewe si hirizi. Mwaka 2019 walimu hao walimuunga mkono Toni Preckwinkle, na Lightfoot akamshinda kwa kura karibu robo tatu katika duru ya pili, akichukua kata zote 50. Mwaka 2015 walimuunga mkono Jesús García, baada ya kiongozi wao Karen Lewis, aliyeongoza mgomo wa 2012 na aliyekuwa akijiandaa kugombea mwenyewe, kugundulika ana uvimbe kwenye ubongo. García alimlazimisha meya Rahm Emanuel kuingia duru ya pili, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limempata meya yeyote wa Chicago, lakini hakumwangusha. Chama kilipoteza mara mbili mfululizo kabla ya kupata.

Sasa tuje kwenye yale yaliyofuata ushindi, maana huko ndiko fomu inakodaiwa.

Desemba 2023 baraza la madiwani lilipitisha mkataba mpya wa polisi: nyongeza ya karibu asilimia 20 kwa miaka minne. Chama kilichotangaza balaa kama Johnson atashinda kilipata kwake mkataba mnono. Walimu wakasubiri zaidi. Mkataba wao wa zamani uliisha 2024, na mkurugenzi wa shule, Pedro Martinez, akakataa kuchukua mkopo ambao meya aliutaka ili kugharamia mkataba huo na sehemu ya pensheni. Oktoba mwaka huo wajumbe wote saba wa bodi ya elimu, karibu wote watu ambao Johnson mwenyewe aliwateua, walijiuzulu kwa mkupuo. Akateua wengine. Desemba bodi mpya ikamfukuza Martinez. Aprili 2025 walimu waliupitisha mkataba wa miaka minne kwa asilimia 97 ya kura zao, wenye nyongeza ya asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka, na hakukuwa na mgomo. Ukikumbuka mgomo wa 2012 na ule wa 2019 uliofunga madarasa kwa siku 11, hiyo si nafuu ndogo kwa mzazi anayefanya kazi kwa saa.

Lakini tazama bei yake: wakati jahazi likisukumwa kufika bandari hiyo, Novemba 2024 madiwani walikataa pendekezo la meya la kuongeza kodi ya majengo kwa dola milioni 300. Walipiga kura 50 kwa sifuri. Hakuna hata diwani mmoja aliyesimama naye, wala wale waliopita mlango uleule wa chama cha walimu. Kwenye kampeni Johnson alikuwa ameahidi hatapandisha kodi hiyo. Ahadi kwa mwenye nyumba na ahadi kwa mwalimu zilikuwa zimetolewa kwenye vyumba viwili tofauti, na hakuna aliyeziweka meza moja hadi bajeti ilipoziweka.

Hapo ndipo ninapoona tatizo, na nalisema kama mtu anayeamini kwa dhati kuwa mwalimu na zimamoto wana haki ya kuwa na mgombea wao. Kiongozi wa watumishi wa jiji la New York, Victor Gotbaum, alisema mwaka 1975 kuwa wao, kwa namna fulani, wana uwezo wa kumchagua bosi wao. Maneno hayo hutajwa hadi leo na wapinzani wa vyama kama ushahidi wa dhambi. Sioni dhambi. Mwenye kampuni ya ujenzi anayechangia kampeni naye anamchagua mteja wake, na wafanyabiashara wakubwa waliomchangia Vallas hawakutoa sadaka. Tofauti ni kwamba chama cha wafanyakazi, angalau, kimeandika matakwa yake kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo mali. Kwa nini basi ikae kabatini?

Baadhi ya vyama huchapisha majibu ya wagombea, vingi havichapishi. Ningependa mgombea mwenyewe aanze: siku anayorudisha fomu ya walimu, nakala iwe mikononi mwa gazeti la mtaa, pamoja na ya polisi na ya zimamoto na ya chama cha wenye nyumba. Mkazi wa kawaida azisome pamoja. Aone mtu huyu amesema Ndiyo mara ngapi, na kama ameandika popote fedha zitatoka wapi. Aone zaidi ya yote kama ametia alama ya Hapana hata mara moja, akiwa peke yake upande ule wa meza, mbele ya watu aliowahitaji. Mimi ningempa kura yangu huyo. Ukiweza kumwambia hapana mtu ukiwa unamwomba, utaweza kumwambia ukiwa unamlipa. Na chama chenye viongozi waliokomaa kingemheshimu kwa hilo, kwa sababu kinajua kilichowapata zimamoto mwaka 1980 kwa kuamini Ndiyo nyepesi.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa, nao ni wa saa za kazi. Januari 2023 kampeni ya Lightfoot iliwaandikia walimu kupitia barua pepe zao za kazi, ikiwaomba wahimize wanafunzi wajitolee kwenye kampeni na wapewe alama kwa hilo. Meya alilazimika kuomba radhi. Mwalimu Jumamosi ni raia anayegonga mlango kwa hiari yake. Jumatatu darasani ni mtu mwingine, na watoto si wapambe wa mtu.

Kwetu mambo yamepangwa kwa namna tofauti. Mwalimu wetu siku ya uchaguzi aghalabu ni msimamizi wa kituo, anatunza sanduku na kusaini fomu za matokeo, na kwa hiyo hatutaki tumwone na kofia ya mgombea. Kilio cha mfanyakazi hupelekwa Mei Mosi, kwa mabango na risala, mbele ya mgeni rasmi ambaye ameshachaguliwa. Anasikiliza, anapunga mkono, na nyongeza hutegemea moyo wake siku hiyo. Chicago huyo mgeni rasmi hukutwa mapema zaidi, wakati bado ni mwombaji. Sisemi tuige, maana msimamizi wa kituo asiye na upande ni kitu cha thamani. Lakini nawaonea wivu wale wanakamati waliotoka kazini, wakakaa mezani na kumuuliza mtawala wa kesho swali lenye visanduku viwili.

Novemba 2024 Chicago ilichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wa bodi ya elimu, viti 10, vingine 11 vikibaki vya kuteuliwa na meya. Safari hii kura ilipigwa siku moja na ya rais, foleni zikiwa ndefu. Waliobeba baraka za chama cha walimu walishinda viti vinne. Siku hiyo si sababu pekee, kwani matajiri wanaotetea shule za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi nao walimwaga fedha, na wamo wagombea waliopita bila msaada wa upande wowote. Novemba 2026, tena pamoja na uchaguzi wa kitaifa, ni zamu ya viti vyote 21, na miezi michache mbele yake kuna kura ya meya. Kwa viti vyote hivyo zitajazwa fomu kwanza, kisanduku baada ya kisanduku, na majina ya wanaozijaza yatafika mlangoni kwa mkono wa mwalimu au wa askari aliyevua sare. Mwenye nyumba anayefungua mlango ana haki ya kuuliza, kabla ya kupokea kipeperushi: huyu mtu wenu, kwenye ile fomu aliandika nini?